Miguu Inachoka, Kichwa Kinaendelea: Safari ya Antrenere Florent Ibenge

Wewe kijana unayesoma ukurasa huu, kama una miaka 16 ao 18 na unajua kucheza mupira vizuri, bila shaka kuna mutu amekwisha kukuambia: "Wewe, miguu yako ni feza." Katika machimbo yetu, siku ya Mungu jioni, wachimbaji wanaacha koleo na nyundo, wanasimamisha miti miwili huku na miti miwili kule, na watu wanajaa kando ya uwanja. Mwenye kununua zahabu analipa jezi. Anayefunga goli anabebwa juu ya mabega. Ni furaha kubwa, na hakuna ubaya wowote ndani yake.

Lakini kuna neno moja ambalo vijana wengi wanasema nyuma ya siku kama hiyo: "Miye nitakuwa mufundi wa mupira. Masomo itanisaidia nini?" Juu ya neno hilo, ndugu musomaji, tunataka kuzungumza nawe. Na hatutazungumza kwa maneno matupu. Tutafuata pamoja safari ya mutu mumoja ambaye jina lake linajulikana Kinshasa, Lubumbashi, Goma, Beni na Butembo, hata mbali zaidi: Florent Ibenge, antrenere, ao kocha kama majirani zetu wa Tanzania wanavyosema.

Jambo la kwanza la kushangaza ni hili: ukiwauliza washabiki kumi walimuona Ibenge akicheza wapi, karibu wote watanyamaza. Sifa yake haikutoka kwa miguu. Ilitoka kwa kazi aliyojifunza wakati miguu ilipochoka.

Muchezaji asiye na jina kubwa

Florent Ibenge ni Mukongo, aliyezaliwa mwezi wa 12 mwaka 1961. Mupira aliucheza Ulaya, katika madaraja ya chini ya Ufaransa, mahali ambapo kamera za televisheni haziendi. Hakuwa nyota. Hakuna watoto waliokata nywele kama yeye.

Kiisha akaanza kufundisha, tena mahali padogo: katika vilabu vya kaskazini mwa Ufaransa, kama vile Douai na Wasquehal. Fikiri kidogo maisha ya namna hiyo. Ni baridi, ni mvua, ni wachezaji wanaokuja kwenye mazoezi baada ya kazi yao ya siku. Antrenere wa klabu kama hiyo anafanya kila kitu: anapanga mazoezi, anatuliza wenye hasira, na siku ya mechi anasimama peke yake kando ya uwanja. Hapo mutu anajifunza kazi, kama vile fundi wa mbao anavyojifunza kwa kutengeneza viti vingi mbele ya kutengeneza kabati moja la bei.

Mwaka 2012 tunamukuta mbali sana, Shanghai nchini China, katika klabu ya Shanghai Shenhua. Klabu hiyo ilikuwa na antrenere mukubwa, Mufaransa Jean Tigana, ambaye siku zake za kuchezea Ufaransa zilimupa jina duniani kote. Tigana alipoondolewa mwaka ule, Ibenge ndiye aliyeishika ekipe kwa muda mufupi. Alikuwa na miaka 50. Kwa muchezaji, miaka 50 ni uzee wa kukaa na kusimulia. Kwa Ibenge, kazi kubwa ilikuwa haijaanza bado.

Usipite haraka hapa, musomaji. Muchezaji mwenye bahati, asiyevunjika muguu, anacheza mpaka miaka 33 ao 35. Kutoka hapo anabaki na miaka 30 ya kutafuta chakula cha watoto wake. Je, nani kati ya vijana wanaobebwa juu ya mabega amewahi kuihesabu miaka ile 30?

Kurudi nyumbani, kazi mbili kwa mara moja

Mwaka 2014 Ibenge alishika AS Vita Club ya Kinshasa. Vita ni klabu kubwa iliyochukua kombe la vilabu bingwa vya Afrika mwaka 1973, lakini tangu 1981 haikuwa imefika tena kwenye fainali ya kombe hilo. Kushika klabu kama hiyo ni kushika moto kwa mikono. Tarehe 11 mwezi wa 5 mwaka ule, Vita ilipokutana na Mazembe katika uwanja Tata Raphaël, fujo ilitokea, watu wakakanyagana, na watu karibu 15 walikufa. Walikuwa wamekwenda kuona mupira tu. Yeyote anayetupa jiwe uwanjani kwa sababu ekipe yake imeshindwa, akumbuke siku ile.

Katika mwaka huo huo Vita ilifika fainali. Ilicheza na Entente Sétif ya Algeria. Kinshasa walitoka sawa, 2 kwa 2. Kule Blida walitoka tena sawa, 1 kwa 1. Vita haikushindwa mechi hata moja kati ya zile mbili, lakini kombe lilibaki Algeria, kwa sababu sheria ya wakati ule ilisema: magoli yakiwa sawa, aliyefunga mengi nje ya kwake ndiye mushindi. Sétif walifunga 2 Kinshasa. Vita ilifunga 1 Blida. Ndiyo hivyo tu.

Na katikati ya kazi ile, mwezi wa 8 mwaka 2014, akapewa pia ekipe ya taifa, Léopards. Kazi mbili, mabega mawili. Wengi walisema hataweza. Katika mechi za kutafuta nafasi ya Kombe la Afrika, Kongo ilikuwa pamoja na Cameroun na Côte d'Ivoire. Watu walikuwa wamekwisha kuhesabu kwamba Kongo itabaki nyumbani. Lakini mwezi wa 10 Léopards walikwenda Abidjan wakashinda Côte d'Ivoire 4 kwa 3, kwao, mbele ya watu wao. Walimaliza wa tatu katika kundi, na kwa kuwa walikuwa watatu bora kuliko wa makundi mengine, wakaingia.

Bata: nusu saa ya kukumbukwa

Kombe la Afrika la 2015 lilichezwa Guinée Équatoriale. Mwanzo haukuwa wa kujivuna. Na Zambia, 1 kwa 1. Na Cap-Vert, 0 kwa 0. Na Tunisia, 1 kwa 1. Mechi tatu, hakuna ushindi hata mumoja, lakini pia hakuna kushindwa. Wakapita.

Robo fainali ilikuwa tarehe 31 mwezi wa 1, kule Bata, na adui alikuwa jirani wa ngambo ya mto: Congo-Brazzaville. Antrenere wao alikuwa Mufaransa Claude Le Roy, muzee wa kazi ile, ambaye mbele ya hapo alikuwa amefundisha Léopards wenyewe. Alijua nyumba yetu ndani na nje.

Baada ya saa moja ya muchezo, Brazzaville walikuwa wanaongoza 2 kwa 0. Wale waliokuwa wanasikiliza redio wanakumbuka: wengine waliizima. Walioizima walikosa. Dieumerci Mbokani akafunga moja. Jérémy Bokila akasawazisha. Joël Kimwaki, beki wa Mazembe, akaweka la tatu kwa kichwa. Na mwishoni Mbokani akafunga tena. 4 kwa 2! Katika nusu saa, ekipe iliyokuwa kaburini ilitoka.

Watu wanasema: "Ni Mbokani aliyeshinda." Ni kweli, mufungaji ni yeye. Lakini ukiangalia vizuri utaona kazi ya antrenere, ambayo haionekani. Ekipe ikiwa nyuma kwa magoli mawili, wachezaji wanaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe. Kila mumoja anataka kupiga peke yake ili awe shujaa. Antrenere muzuri amekwisha kuwazoeza, siku nyingi mbele ya mechi, kubaki katika nafasi zao na kuendelea kupeana mupira hata wakati moyo unadunda. Ukifundisha jambo lile siku ya mechi yenyewe, umechelewa.

Nusu fainali walishindwa na Côte d'Ivoire, 3 kwa 1, na hao ndio waliochukua kombe. Ikabaki mechi ya nafasi ya tatu, tarehe 7 mwezi wa 2, kule Malabo, na wenye inchi. 0 kwa 0, kiisha penaliti: Kongo 4, wao 2. Kipa alikuwa Robert Kidiaba, yule ambaye watoto wetu wote waliiga namna yake ya kurukaruka akiwa amekaa chini. Kongo ilikuwa haijapata medali katika kombe hilo tangu 1998.

Kigali, mwaka mumoja kamili baadaye

Kuna kombe lingine la Afrika, linaloitwa CHAN. Ndani yake wanaruhusiwa tu wachezaji wanaocheza katika ligi za inchi zao wenyewe. Hakuna Mbokani, hakuna wa Ulaya. Ni wa Vita, wa Mazembe, wa Motema Pembe, vijana tunaowaona kwa macho yetu. Mwaka 2016 lilichezwa Rwanda, karibu nasi.

Léopards walianza vizuri: Ethiopia 3 kwa 0, Angola 4 kwa 2. Kiisha Cameroun wakawapiga 3 kwa 1. Katika robo fainali wakakutana na Rwanda wenyewe, Kigali, uwanja umejaa, na wakashinda 2 kwa 1 katika muda wa kuongeza. Nusu fainali na Guinée ilifika penaliti, 5 kwa 4. Fainali ikawa tarehe 7 mwezi wa 2, 2016. Angalia tarehe: ni mwaka mumoja kamili tangu siku ya Malabo. Mali walipigwa 3 kwa 0. Meschack Elia alifunga mawili na Jonathan Bolingi moja.

Kongo ikawa inchi ya kwanza kuchukua CHAN mara mbili, kwa sababu ilikuwa imechukua ile ya kwanza kabisa ya 2009, Abidjan, chini ya antrenere mwingine Mukongo, Santos Muntubila. Mara mbili, na mara zote mbili ni mutoto wa inchi aliyeongoza. Hilo linajibu wale wanaosema kwamba bila muzungu hakuna kombe.

Pointi moja

Sasa tufike mahali pa uchungu, maana safari ya mutu haiwezi kusimuliwa kwa ushindi tu.

Léopards walikuwa wanatafuta kwenda Kombe la Dunia la 2018 kule Urusi. Ingekuwa mara ya kwanza tangu 1974, wakati inchi ilipoitwa Zaïre. Katika kundi lao adui mukubwa alikuwa Tunisia. Kule Tunisia, Kongo ilishindwa 2 kwa 1. Siku nne baadaye, tarehe 5 mwezi wa 9 mwaka 2017, wakarudiana Kinshasa, katika uwanja wa Mashujaa, Stade des Martyrs. Kongo ikafunga moja. Ikafunga la pili. 2 kwa 0! Watu wakaanza kuimba. Lakini mechi ilipokaribia mwisho, Tunisia wakafunga mawili, moja juu ya lingine, kwa dakika chache tu. 2 kwa 2.

Fanya hesabu pamoja nasi. Mwisho wa yote, Tunisia walikuwa na pointi 14, Kongo 13. Kama Kongo ingaliushika ule ushindi, ingalimaliza na 15, na Tunisia 13. Siku ya mwisho, mwezi wa 11, Kongo ilishinda Guinée 3 kwa 1 na kungoja habari kutoka Tunisia. Habari ikaja: Tunisia na Libya 0 kwa 0. Pointi moja ile iliwatosha Watunisia. Kwa hiyo Urusi ilipotea katika dakika chache za jioni moja.

Unaweza kufikiri ni maneno gani antrenere alisikia siku zile. Washabiki hawana huruma: "Atoke! Hajui kitu!" Ndio walewale waliompigia makofi nyuma ya Kigali. Yeye hakukimbia. Alibaki, na mwaka uliofuata aliifikisha Vita katika fainali nyingine ya Afrika, Kombe la Shirikisho. Raja Casablanca waliwapiga 3 kwa 0 kule Maroc. Kinshasa Vita ikashinda 3 kwa 1. Jumla: 4 kwa 3. Goli moja tu, tena.

Mwaka 2019, kwenye Kombe la Afrika kule Misri, Léopards walishindwa na Uganda, wakashindwa na Misri, wakapiga Zimbabwe 4 kwa 0 na kupita. Kiisha Madagascar, inchi iliyokuwa inacheza kombe lile kwa mara yake ya kwanza, ikawatoa kwa penaliti baada ya 2 kwa 2. Mwezi wa 8 mwaka ule Ibenge aliiacha ekipe ya taifa. Miaka mitano ilikuwa imekwisha.

Kuanza tena, na tena

Mutu mwingine angesema: "Nimefika fainali mbili za vilabu, zote nimekosa. Labda si fungu langu." Ibenge aliendelea. Mwaka 2021 akaenda Maroc, klabu ya Renaissance Berkane. Katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, nani akatokea mbele yake? Tout Puissant Mazembe ya Lubumbashi! Lubumbashi, Mazembe walishinda 1 kwa 0. Berkane, vijana wa Ibenge wakashinda 4 kwa 1. Wengi kati yetu siku ile tuligawanyika moyo: upande huu klabu ya inchi, upande ule mutoto wa inchi.

Fainali ilichezwa mechi moja tu, tarehe 20 mwezi wa 5 mwaka 2022, kule Uyo, Nigeria, na Orlando Pirates wa Afrika ya Kusini. 1 kwa 1. Penaliti: 5 kwa 4. Baada ya Blida, baada ya Casablanca, fainali ya tatu ikafungua mulango. Alikuwa na miaka 60.

Mwaka ule ule akaenda Soudan, klabu ya Al Hilal ya Omdurman. Na hapa, musomaji wa pande zetu, utaelewa bila kuelezwa. Tarehe 15 mwezi wa 4 mwaka 2023, vita vilianza Khartoum. Ligi ikasimama. Watu wakakimbia. Klabu yenye uwanja wake na mamilioni ya washabiki ikawa mukimbizi. Al Hilal ilicheza mechi zake za "nyumbani" Dar es Salaam, kiisha ikaenda Mauritanie, ikaingia katika ligi ya kule kama mugeni.

Je, ekipe isiyo na kwao inaweza kushinda? Katika musimu wa 2024 na 2025, katika kombe la vilabu bingwa, Al Hilal ilipangwa na Mazembe, na Yanga ya Tanzania, na MC Alger ya Algeria. Ikamaliza ya kwanza katika kundi, mbele ya wote watatu. Al Ahly wa Misri ndio walioisimamisha katika robo fainali. Sisi tunaojua maana ya kufunga mizigo usiku na kuanzia shule mahali pa ugenini, tunaweza kuwaambia watoto wetu habari hiyo. Kukimbia hakumalizi kazi ya mutu. Ujuzi ulio kichwani unabebeka bila gari.

Mwaka 2025 Ibenge akahamia Azam FC ya Dar es Salaam, na mwaka uleule Azam ikaingia kwa mara yake ya kwanza katika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho.

Si yeye peke yake

Labda utasema: "Huyo alikaa Ulaya. Siye wa huku je?" Basi angalia Katanga, inchi ya shaba, watu wa machimbo kama sisi.

Klabu ya Mazembe ilianzishwa mwaka 1939, na walioianzisha ni wamisionere Wabenediktini wa Institut Saint-Boniface, kwa ajili ya wanafunzi waliokuwa hawaendi katika masomo ya upadri. Walitaka vijana wasipotee. Kwa hiyo klabu hii kubwa, iliyofika fainali ya dunia ya vilabu mwaka 2010, ilizaliwa katika ua wa shule. Mupira na daftari vililala nyumba moja.

Pamphile Mihayo aliichezea Mazembe hiyo katika miaka ya makombe ya 2009 na 2010. Alipoacha kucheza hakukaa kwenye baa kusimulia. Aliingia kazi ya kufundisha, na mwaka 2017, akiwa antrenere, akaiongoza Mazembe kuchukua Kombe la Shirikisho mbele ya SuperSport ya Afrika ya Kusini: 2 kwa 1 Lubumbashi, 0 kwa 0 Pretoria. Kidiaba naye, alipoacha golikipa mwisho wa 2015, alifundisha makipa wa Mazembe. Mikono iliyodaka ikawa mikono inayoonyesha.

Na wewe?

Hatukuambii uache mupira. Cheza, kwa nguvu zako zote. Lakini tukuulize: ukianguka kesho na goti likavunjika, utabaki na nini?

Kazi ya uantrenere ina ngazi zake, kama shule. Shirikisho la Afrika, CAF, lina licence za D, C, B, A na, juu kabisa, Pro. Anayeanza anaanzia D, ile ya kufundisha watoto na ekipe za mwanzo. Mafunzo hupitia kwa shirikisho la inchi, FECOFA, na ligi za majimbo, kwetu LIFNOKI. Uliza katika entente ya muji wako, ao kwa viongozi wa klabu kama AS Nyuki ya Butembo ao Dauphins Noirs ya Goma, wakati mafunzo yanapotangazwa. Na ujue hili mapema: kule wanaandika. Wanachora uwanja, wanahesabu dakika za mazoezi, wanasoma juu ya mwili wa mutu, chakula na usingizi, wanafanya mutihani. Aliyeacha shule katika kalasi ya tano atapata taabu kubwa, hata kama miguu yake ilikuwa ya zahabu.

Mbele ya kufika huko, kuna kazi unayoweza kuanza wiki hii. Kusanya watoto 15 wa mutaa ao wa parokia. Andika majina yao katika daftari. Panga saa ya mazoezi na uifuate, hata siku ya mvua kidogo. Aliyekosa, uliza kwa nini. Utashangaa kuona kwamba mumoja hakuja kwa sababu hakula, mwingine kwa sababu yuko ndani ya shimo na baba yake. Siku utakapojua mambo hayo, umeanza kuwa antrenere. Na musisahau wasichana: wanacheza, na wanahitaji mwalimu mwanamuke.

Nanyi wazazi, tunawaomba jambo moja. Mutoto akirudi kutoka uwanjani na matope mpaka magotini, musimupige mbele ya kumuuliza. Muulizeni: "Leo mumejifunza nini?" Kama ana jibu, mupira wake ni shule. Kama hana, basi mutafutieni antrenere anayefundisha, si yule anayepiga kelele tu na kugawa pombe nyuma ya ushindi.

Katika machimbo tunajua jambo moja vizuri: mushipa wa zahabu unakwisha. Unaweza kuwa muzuri mwaka mumoja, miaka miwili, kiisha shimo linabaki tupu. Mwenye akili anatumia zahabu ya leo kuandaa kesho. Miguu yako, kijana, ni mushipa kama ule.

Zungumzeni nyumbani ao katika kikundi cha vijana

1. Florent Ibenge alipoteza fainali mbili za Afrika mbele ya kushinda ya tatu. Wewe, ukishindwa katika mutihani ao katika mechi, unafanya nini siku inayofuata?

2. Katika mutaa wenu, ni nani alikuwa muchezaji hodari zamani? Leo anafanya kazi gani? Muendeeni, mumuulize angetamani mutu angemushauri nini akiwa na miaka 18.

3. Ekipe yenu ikishindwa, washabiki wanafanya nini? Ni nani kati yenu anaweza kusimama kuzuia mawe na matusi?

4. Al Hilal ilicheza bila kwao. Kuna watoto waliokimbia vita katika shule ao mutaa wenu? Wamekwisha kuitwa kucheza pamoja nanyi?